Bibi Fatma na Mawe ya Kusagia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, wanaume na wanawake: katika darasa zetu kuna neno moja ambalo hatukosi kulisikia. Mama wa watoto husema kwamba tangu alfajiri mpaka usiku yumo katika moto, na maji, na nguo, na mtoto anayelia. Akisimama kusali moyo wake huwa uko jikoni. Baba naye husema kwamba kazi ya mchana humrudisha nyumbani akiwa hoi, hana nguvu ila za kula na kulala. Wote wawili huishia mahali pamoja: kwamba watoto wakikua, na kazi zikipungua, ndipo watakapopata nafasi ya kumkumbuka Mola wao na kumshukuru kama ipasavyo. Neno hili latoka katika vinywa vya watu wema, na sisi tunaoandika kurasa hizi tumelisema pia. Kwa hivyo tumeona ni kheri kuwaeleza maisha ya mtu aliyekuwa na haki ya kulisema neno hilo kuliko sisi sote, naye ni Bibi Fatma, binti wa Bwana Mtume (S.A.W.).

Zimeenea khabari nyingi za Bibi Fatma zisizokuwa na asili, zilizotiwa chumvi ili kuwastaajabisha wasikilizaji. Hizo hatutazigusa. Tutashika zile zilizopokewa na wanazuoni wa Hadithi na wa Sira, nazo zatosha, wala hazihitaji kupambwa.

Bibi Fatma alizaliwa Makka, na mama yake ni Bibi Khadija (R.A.). Walikuwako dada zake watatu, Zaynab, Ruqayya na Ummu Kulthum, na kwa kauli iliyo mashuhuri yeye ndiye mdogo wao. Kuzaliwa kwake, kwa kauli ya wengi katika wanahistoria, kulikuwa miaka 5 kabla ya Utume, yaani kama mwaka 605, Makureshi walipokuwa wakiijenga upya Al-Kaaba. Basi alipoanza kupata akili, baba yake alikuwa amekwisha pewa amana iliyomfanya achukiwe na wakubwa wa mji.

Utoto wake haukuwa wa raha. Siku moja Bwana Mtume alikuwa akisali penye Al-Kaaba, na alipokuwa katika sijda waovu wa Kikureshi walimwekea mgongoni matumbo ya ngamia, kisha wakawa wakicheka hata wakiegemeana. Khabari ikamfikia Fatma, naye angali mtoto wa kike mdogo. Akaja mbio, akauondoa uchafu ule, kisha akawageukia wale wazee na kuwalaumu mbele ya watu. Baadaye Makureshi wakawatenga Bani Hashim kwa muda wa kama miaka 3, wasiuziane nao wala wasioane nao, na watoto wa ukoo huo wakalala na njaa. Kutengwa huko kulipokwisha, haukupita muda mrefu ila Bibi Khadija akafa, katika mwaka wa 10 wa Utume, kama mwaka 619. Miaka 3 baadaye, mwaka 622, ilikuwa Hijra, na Bibi Fatma akaiacha Makka, mji aliozaliwa, akaenda Madina.

Katika mwaka wa 2 wa Hijra (624), baada ya vita vya Badri, aliolewa na Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.). Sayyidna Ali hakuwa na mali. Bwana Mtume alimwuliza juu ya dirii yake, yaani lile vazi la chuma la vitani, na hiyo ndiyo iliyokuwa mahari. Vyombo alivyotoka navyo Bibi Fatma kwa baba yake vyahesabika kwa vidole: nguo nene ya kulalia, mto wa ngozi uliojazwa majani, kiriba cha maji, na mawe mawili ya kusagia. Baadaye sahaba mmoja wa Kiansari, Haritha bin Nu'man, aliwaachia nyumba iliyo karibu na Bwana Mtume, naye akaipokea kwa furaha ili binti yake awe jirani yake. Tungependa wazazi wanaokopa fedha kwa ajili ya sherehe ya siku tatu wauzingatie mzigo huu. Aliyekuwa akiolewa ni binti wa mtu mbora wa watu wote.

Sasa na tuyatazame hayo mawe mawili, kwani mengi ya maisha ya Bibi Fatma yalipita mbele yake. Chakula cha watu wa Madina kilikuwa tende na shayiri. Shayiri haiwi mkate mpaka isagwe, na haikuwako mashine. Jiwe moja hulala chini, la pili huwa juu yake, na mwanamke huketi akaligeuza kwa mkono, huku akitia nafaka kidogo kidogo. Ni kazi ya kila siku, kwani unga wa leo huliwa leo. Imepokewa ya kwamba Bibi Fatma alisaga hata mawe yakaacha alama mikononi mwake. Akateka maji hata ukanda wa kiriba ukaacha alama shingoni mwake. Akafagia nyumba hata nguo zake zikajaa vumbi. Akawasha moto chini ya chungu hata nguo zikabadilika rangi. Aliyeyaeleza hayo ni mumewe mwenyewe, naye hakuyaeleza kwa kujifakharisha, bali kwa kumhurumia.

Na watoto wakaja. Sayyidna Hasan alizaliwa katika Ramadhani ya mwaka wa 3 wa Hijra (625) na Sayyidna Husein katika mwaka wa 4 (626), kisha wakazaliwa Zaynab na Ummu Kulthum. Yatazameni, ndugu zetu, hizi tarehe mashuhuri. Vita vya Uhud vilikuwa katika Shawwali ya mwaka wa 3, mwezi ule uliofuata Ramadhani aliyozaliwa Hasan. Maana yake ni kwamba mama huyu alikuwa bado katika siku za arubaini yake wakati baba yake alipojeruhiwa usoni. Juu ya hivyo yeye ndiye aliyemwosha damu, na Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao. Alipoona maji hayazidishi ila kutoka damu, alichukua kipande cha mkeka akakichoma, akalibandika jivu lake juu ya jeraha, na damu ikakatika.

Wala mtu asidhani kwamba nyumba hii, kwa utukufu wake, haikuingiwa na yale yanayoingia katika nyumba zetu. Siku moja Bwana Mtume alifika kwa binti yake asimkute Sayyidna Ali. Alipouliza, Bibi Fatma akamwambia kwamba yalikuwako maneno baina yao, akaghadhibika na kutoka, wala hakulala kwake usingizi wa mchana. Bwana Mtume akamfuata msikitini akamkuta amelala, shuka imemwanguka, na ubavu wake umejaa mchanga. Akawa akimpangusa mchanga ule kwa mkono wake huku akimwita kwa upole Abu Turab, yaani Baba Mchanga. Jina hilo Sayyidna Ali alilipenda mpaka kufa kwake. Mkwe hakuuliza ni nani mwenye makosa. Alimpangusa mchanga mwanamume aliyechoka, akamwinua.

Kisha ikawa siku ambayo kwa ajili yake tumeyaandika maneno haya. Bwana Mtume aliletewa mateka wa vita. Sayyidna Ali alikuwa ameteka maji hata kifua kikamwuma, na Bibi Fatma amesaga hata mikono ikaota malengelenge. Mume akamshauri mkewe aende kwa baba yake akaombe mtumishi wa kumsaidia. Akaenda, lakini hakumkuta. Akamweleza Bibi Aisha (R.A.) haja yake, kisha akarudi kwake. Bwana Mtume aliporejea, Bibi Aisha akamfikishia khabari.

Usiku ule ule akaenda kwao. Mume na mke walikuwa wamekwisha panda kitandani. Wakataka kuinuka, akawazuia, akaketi katikati yao, karibu hata Sayyidna Ali akahisi ubaridi wa miguu yake. Hakuwapa mtumishi. Imepokewa kwamba aliwaeleza sababu yake: haiwezekani awape wao na huku watu wa Suffa matumbo yao yamejikunja kwa njaa, bali watu wale watauzwa, na thamani yao itumiwe kuwalisha hao. Watu wa Suffa ni wale masikini waliohama na kuacha kila kitu, wakawa wakikaa katika kibaraza cha msikiti. Kisha akawaambia kwamba atawafundisha kilicho bora kuliko walichoomba: kila wanapopanda kitandani waseme Subhanallah mara 33, na Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34. Jumla yake ni mia moja.

Hayo ndiyo maneno yanayojulikana mpaka leo kwa jina la tasbihi ya Bibi Fatma. Hapana msikiti katika pwani yetu usiokuwa na mtu ayajuaye, na wengi huzileta dhikri hizo baada ya kila sala, kama zilivyopokewa katika Hadithi nyingine. Lakini ni wachache katika sisi wanaokumbuka kwamba maneno haya yalitolewa chumbani, penye mto wa majani, kwa watu wawili waliochoka. Kwa hivyo tungependa kuyazingatia mambo matatu.

La kwanza ni kwamba Bibi Fatma alilalamika, wala hakukemewa. Alisema kwamba amechoka, na mikono yake ilikuwa shahidi. Bwana Mtume hakumwambia kwamba kuchoka ni upungufu wa imani, wala kwamba mwanamke mwema hasemi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea usiku, badala ya kumpelekea jibu kwa mtu. Basi mwanamke anayesema nyumbani mwake kwamba mzigo umemwelemea asiitwe mkosefu wa shukrani. Kushukuru si kudai kwamba mzigo ni mwepesi. Kushukuru ni kumjua aliyekupa mikono ya kuuchukulia mzigo huo, na wale ambao kwa ajili yao wauchukua.

La pili ni kwamba maneno yale walipewa wote wawili. Aliyeomba mtumishi ni mke, lakini aliyefundishwa ni mke na mume, naye mwalimu ameketi katikati yao. Tunalisema hili kwa sababu wako wanaume wanaoisimulia Hadithi hii kwa wake zao kila wanapoombwa msaada, kama kwamba maana yake ni kuwa mwanamke asage na alete tasbihi, na mwanamume akae barazani. Hiyo ni khiyana. Sayyidna Ali mwenyewe alikuwa ameumwa na kifua kwa kuteka maji. Na Bibi Aisha ameeleza kwamba Bwana Mtume alipokuwa nyumbani alikuwa akiwatumikia watu wake, mpaka wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Zaidi ya hayo, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wanayoyafuata wengi wa watu wa pwani yetu, kupika na kusaga na kufagia si haki ambayo mume aweza kumdai mkewe kwa sharia. Afanyapo ni hisani yake, na hisani hulipwa kwa hisani. Ni wangapi katika sisi waliokaa na wake zao miaka 20 wasiwatolee hata neno moja la ahsante kwa chakula cha jioni? Bwana Mtume ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi mlango wa shukrani ya mume waanzia jikoni kwake.

La tatu ni namna ya kipawa chenyewe. Bwana Mtume alizijua ibada nzito, naye ndiye aliyesimama usiku hata miguu ikavimba. Tena hakuacha kuwahimiza watu wa nyumba hii waamke kusali sala za usiku, kwani imethibiti kwamba usiku mmoja aliwagongea mlango kwa ajili hiyo. Lakini kwa uchovu wa kazi aliwachagulia jambo ambalo mtu huliweza akiwa amelala. Halihitaji kitabu wala fedha. Halimtaki mama amwachie mtu mtoto wake, kwani aweza kulileta huku mtoto ananyonya. Vidole vya mkono vyatosha kulihesabia, navyo ni vile vile vilivyokuwa juu ya jiwe mchana. Na utaratibu wake una hekima. Kwanza twamtakasa Mwenyezi Mungu na kila upungufu, ili tusimdhanie kwamba ametusahau. Kisha twamhimidi kwa siku iliyopita pamoja na kazi zake, kwani shayiri iliyotuchosha ndiyo iliyowalisha watoto wetu. Mwisho twamkuza, ili lile lililokuwa kubwa machoni mwetu tangu asubuhi lirudi katika kadiri yake.

Labuda msomaji atauliza: Je, mikono ya Bibi Fatma ilipona? Kesho yake mawe yalikuwa pale pale, na kiriba pale pale. Hatutamdanganya msomaji kwamba tasbihi husaga unga. Ambacho Hadithi yatueleza ni kwamba mume hakuyaacha maneno yale maisha yake yote. Sayyidna Ali alisema hivyo mwenyewe, na alipoulizwa kama hata usiku wa vita vya Siffin, mwaka wa 37 wa Hijra (657), hakuyaacha, akajibu kwamba hata usiku ule. Kama miaka 25 ilikuwa imepita tangu Bibi Fatma kufa. Amepigana, amekuwa Khalifa, umma umegawanyika mbele ya macho yake, naye alipojinyosha kulala alisema yale aliyofundishwa pamoja na mkewe katika nyumba yao ya kimasikini.

Na Bibi Fatma aliendelea kufundishwa namna hii na baba yake. Siku moja alitundika mlangoni pake pazia lenye mapambo. Bwana Mtume akafika, akaliona, akarudi asiingie. Sayyidna Ali akaenda kuuliza sababu, na khabari ilipomrudia Bibi Fatma hakununa, bali alipeleka neno kwamba aamrishwe atakalo. Akaamrishwa ampelekee pazia lile jamaa mmoja aliyekuwa na haja. Tazameni jinsi mambo mawili haya yanavyolingana: mtumishi hakupewa kwa ajili ya wenye njaa, na pazia likatoka kwa ajili ya mwenye haja. Nyumba ya binti wa Mtume haikufanywa kisiwa cha raha katikati ya umasikini wa watu. Wala nasaba yake haikufanywa kinga. Tangu mwanzo wa Utume baba yake alimwambia hadharani kwamba aombe katika mali yake atakacho, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hatamfaa kwa lolote.

Katika mwaka wa 11 wa Hijra (632) Bwana Mtume aliugua maradhi yake ya mwisho. Alimwita binti yake akamnong'oneza, naye akalia. Akamnong'oneza tena, akacheka. Baada ya kufa kwake ndipo Bibi Fatma alipoieleza siri ile: mara ya kwanza alimpa khabari ya kwamba ajali yake imekaribia, na mara ya pili kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumfuata katika jamaa zake. Na ikawa hivyo. Kama miezi 6 baada ya baba yake, katika Ramadhani ya mwaka ule ule, Bibi Fatma alifariki dunia Madina. Kwa ile kauli tuliyoitaja juu ya kuzaliwa kwake, hakuwa amefika umri wa miaka 30.

Hasan alikuwa na miaka 8, Husein na miaka 7, na dada zao walikuwa wadogo kuliko wao.

Hapa, ndugu zetu, ndipo tulipotaka kufika. Tulianza kwa neno letu la kila siku, kwamba watoto wakikua ndipo tutakapopata nafasi. Bibi Fatma hakuiona siku hiyo. Hakuwaona wanawe wakiwa watu wazima, wala hakuwaona binti zake wakiolewa, wala hakupata uzee wa kukaa kitako na kutulia. Lau angaliiweka shukrani yake mpaka mawe ya kusagia yanyamaze, angalikwenda kwa Mola wake bila ya kuitoa. Lakini aliitoa mle mle katika kazi, kwa mikono iliyo na alama, usiku baada ya usiku, mia kwa mia.

Sisi nasi hatujui ni watoto wetu gani tutakaowaona wakikua. Basi tusingoje. Usiku wa leo, watoto wakisha lala, na vyombo vikisha oshwa, na afadhali mume awe ameshika sehemu yake katika kuviosha, na waseme mume na mke yale waliyoyasema watu wa nyumba ile. Wasione haya kwamba wamechoka, kwani waliofundishwa mara ya kwanza walikuwa wamechoka pia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Fatma na mumewe na watoto wao, aziweke nyumba zetu katika mapenzi na kuhurumiana, atujaalie kuyaona mazito ya wenzetu kabla ya kuyataja yetu, na atupe ulimi wa kumkumbuka na moyo wa kumshukuru katika shughuli zetu, kabla ya kufika siku ambayo hakuna shughuli tena. Amin.